Mama Aliyebeba Redio Mgongoni

Siku tuliyomzika mama, historia ya marehemu ilisomwa na binamu yangu mmoja mwenye sauti nzuri. Alisoma vizuri, sina ugomvi na sauti yake. Ubatizo, shule, ndoa, ugonjwa. Alipofika katikati akasema, "Marehemu pia aliwahi kulitumikia jeshi kwa kazi za ofisini," akageuza ukurasa. Nikasimama. Nilikuwa mkekani na wafiwa wenzangu, nimejifunika kitenge, na kwetu mfiwa hasimami kumkatiza msomaji. Najua. Nikasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa jikoni waliisikia, "Sikuandika hivyo." Maana historia ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu. Mashangazi wawili wakanivuta kitenge nikae. Niliketi kwa heshima ya jeneza tu. Baadaye binamu aliniambia alitaka kuipendezesha kidogo, kwamba habari za mwanamke na vikosi hazikai vizuri msibani.

Basi nimeamua kuiandika hapa, kwa ajili yenu wa rika langu mliokulia mtaa wetu wa Malangali, mliomjua mama kwa mwendo wake wa haraka na mlionicheka kwa sababu yake. Mkitaka kunivuta kitenge, nivuteni.

Mama alirudi Sumbawanga nikiwa na miaka saba. Mkataba wake wa jeshi ulikuwa umeisha, na bibi macho yalikuwa yameanza kumwacha, hakukuwa na wa kumlimia. Kabla ya hapo nililelewa na bibi, mama nikimwona wakati wa likizo tu, kwa hiyo aliporudi na sanduku lake la bati nilimwamkia kama mgeni na nikajificha nyuma ya mlango. Baba alikuwa dereva wa malori, makao yake Tunduma, anakaa nasi wiki moja anaondoka mwezi. Tukawa watatu kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, shamba la mahindi na ulezi likianzia nyuma ya choo.

Wiki ya kwanza tu nikagundua kwamba mgeni huyu ana sheria. Hakuwa mkali wa fimbo. Sheria yake ilikuwa moja, nayo ilinitesa kuliko fimbo. Ananiita, ananitazama machoni, anasema, "Nenda kwa mama Kabula. Mwambie ungo wake nitaurudisha Jumamosi asubuhi, bado tunapepetea ulezi wa bibi. Umesikia?"

"Ndiyo mama."

"Rudia."

Nirudie yote. Nikisema Jumamosi nikasahau asubuhi, ananizuia mlangoni kwa kidole kimoja. "Asubuhi umeiacha wapi?" Naanza upya. Na haikuishia hapo. Nikifika kwa jirani, ilikuwa marufuku kuondoka mpaka yule niliyempa habari naye anirudishie, neno kwa neno. Mama Kabula alikuwa Msukuma mchangamfu, familia yao imehamia na ng'ombe wao kutoka huko Shinyanga, na yeye ilimfurahisha. Alikuwa anabana miguu, anapiga saluti na mwiko mkononi. "Ungo, Jumamosi asubuhi, ulezi wa bibi! Nimekosea, afande?" Lakini wengine walinuna. Mtoto mdogo anamwambia mtu mzima arudie alichoambiwa, huo ni utovu wa adabu. Watoto wenzangu walinipachika jina la Kasuku. Nikipita wanaita, "Rudia! Rudia!"

Mimi nililielewa jambo lile kwa akili zangu za utoto, na nililielewa vibaya. Niliamini mama ananiona mjinga. Watoto wengine walitumwa kwa kupigiwa kelele juu ya uzio, mama zao hata hawageuki, wanaendelea kukoroga ugali. Waliaminiwa. Mimi peke yangu nilikuwa nasimamishwa na kukaguliwa kama gunia lenye tundu. Darasani nilikuwa wa ishirini na kitu, na nikajua mama ameisoma ripoti ya shule, akaamua kwamba kichwani mwangu habari haikai. Nililia kwa bibi. Bibi akanipapasa uso kwa vile hakuniona vizuri, akasema kwa Kifipa maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema, ndivyo walivyomtengeneza huko, mvumilie. Sikutaka kumvumilia. Nilitaka aniamini.

Nilichokitaka zaidi, nikiri tu, ni bunduki. Mama askari, nani asingetaka kusikia habari za bunduki? Jioni za baridi, upepo wa mwezi wa sita ukitupiga usoni, tulikuwa tunakaa ukumbini kupukuchua mahindi kabla jua halijazama, na hapo ndipo mama alikuwa anafunguka. Lakini habari zake zilikuwa za nyaya! Alikuwa na silaha kama askari yeyote, na shabaha yake ilikuwa nzuri, ila hilo alilimaliza kwa sentensi moja. Kisha anarudi kwenye redio yake. Alinieleza jinsi walivyokuwa makuruta mamia, wakakimbizwa, wakafundishwa kwata, halafu siku moja wakapangwa mstari wakapimwa masikio na mwandiko. Waliofaulu wakapelekwa kusomea mawasiliano. Siku ile wenzake walimtania kwamba Mfipa hana haja ya mtambo, akitaka kutuma ujumbe atatuma radi. "Nikawaambia mkikaa vizuri sitawatumia," anasema mama, anacheka mpaka punje zinamtoka mkononi. Utani huo wa uchawi wa radi tumeshauzoea. Nami mjini nikisema ninatoka Sumbawanga, lazima atokee mmoja aangalie mawingu.

Alinieleza kwamba katika kombania yao kila mtu alikuwa na lake. Walikuwapo wa kuvuta nyaya ardhini kutoka handaki hadi handaki, wanatambaa na gurudumu la waya. Walikuwapo mafundi wa kufungua mtambo ukifa. Walikuwapo wa pikipiki, wanaobeba karatasi pale redio isipotakiwa kusema. Na walikuwapo maopereta, ambao mama alikuwa mmoja wao, wanaoubeba mtambo mgongoni na kutembea hatua moja nyuma ya afande, milima na mabonde. Ule mtambo na betri zake, alisema, ulikuwa na uzito wa mtoto wa miaka mitatu asiyetaka kubebwa. Alifundishwa kutundika waya wa antena kati ya miti miwili na kuugeuza mpaka sauti ije. Alifundishwa nukta na vistari, ile milio inayobeba herufi, namba zisomwe moja moja, majina ya vituo yabadilike kila siku. Alisema kusikiliza ndiyo kazi yenyewe. Unasikiliza mkwaruzo saa nne, tano, ndani yake kuna mtu mmoja anaongea, na wewe huruhusiwi kubahatisha alichosema.

"Sasa mama, ulimpiga nani?" nikamuuliza siku moja.

"Kumpiga?"

"Na bunduki."

"Hakuna niliyempiga. Pukuchua, jua linazama."

Miaka yote ile, mabegi, mabuti, kuniacha kwa bibi, kumbe alikuwa anasikiliza redio.

Ndipo nikatenda dhambi yangu. Tulikuwa bombani, foleni ya ndoo ndefu, maji yanatoka kwa kudonda. Kabula, rafiki yangu, mtoto wa yule mama wa saluti, akasema bila ubaya wowote, "Baba anasema mama yako jeshini alikuwa anapokea simu. Kama wale dada wa mapokezi." Wasichana wakacheka. Mmoja akasema wanawake jeshini wanapika chai tu.

"Mama yangu ameua watu," nikasema.

Foleni nzima ikanyamaza. Sijawahi kunyamaziwa namna ile maishani, na nikiri tena, ilikuwa tamu.

"Wangapi?" Kabula akauliza.

"Watatu."

Kesho yake, wasichana wa foleni nyingine waliponiuliza, wakawa saba. Niliongeza na mto, na mvua, na mama ametoka peke yake kwenye majani akiwa na kisu mdomoni. Sijui kile kisu nilikitoa wapi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita Kasuku. Ndoo yangu ilisogezwa mbele. Nilianza kutembea kama mama, mabega nyuma.

Uongo una miguu mirefu sana Malangali. Wiki haikuisha, wanaume wakaanza kuvua kofia mama akipita. Fundi baiskeli, aliyekuwa na tabia ya kumpigia mluzi kila mwanamke, alimpa shikamoo ingawa walikuwa wa umri mmoja. Mama hakuelewa. Alirudi kutoka sokoni akamwambia bibi, "Watu wa hapa siku hizi wamekuwa na adabu." Mimi nikainamia sahani yangu.

Mwaka ule wizi ulituelemea. Usiku mmoja walienda ng'ombe sita wa akina Kabula, wiki ya pili mabati ya nyumba iliyokuwa inaezekwa, kisha kuku, kisha hata sufuria. Wazee wakasema mtaa uunde kikundi cha ulinzi, kila nyumba itoe kijana, na mkutano uchague kamanda, mtu aliyepitia mafunzo. Mama aliposikia, nilimwona mtu mwingine kabisa. Alinunua daftari. Akakaa siku tatu anachora mtaa wetu, kila njia, kila uchochoro, wapi akae mlinzi, filimbi ngapi zina maana gani, nani amwambie nani, na huyo wa pili arudishe nini kabla ya kupeleka mbele. Alimwonyesha bibi ukurasa baada ya ukurasa, bibi asiyeona, na bibi akawa anaitikia kwa kichwa.

"Hapa tunaibiwa kwa sababu habari inachelewa," mama alisema. "Mtu anaona wezi huku, analia, wa kule wanadhani ni mlevi. Hili ninaliweza, mama. Miaka miwili nimekaa hapa, hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza ninajua nini."

Alilitaka lile jambo. Sikuwa nimewahi kumwona mama akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe, na nilitaka alipate kwa nguvu zangu zote, na nilijua, mimi peke yangu katika nyumba ile, kwamba atalipata kwa sababu ya watu saba niliowaua kwa mdomo.

Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya misa, uwanjani, watu wamekaa kwenye nyasi na mabenchi ya kuazima. Aliyeuongoza alikuwa Mzee Sindani, mzee wa mtaa wetu, mtu mzito wa maneno, mwenye koti lake moja la majira yote. Alikuwa ameshajiamulia, ilionekana. Akasimama akasema, "Majina ni mawili. Kuna fundi wetu seremala, aliyepita mgambo. Na kuna mama huyu. Ukimya wake usiwadanganye. Sisi wengine hapa tumechinja kuku tu. Yeye amelaza watu saba, mmoja kwa kisu."

Wanaume wakapiga makofi. Mtu akapiga mbinja. Mimi nilikuwa juu ya ukuta na watoto wengine, nikamwona mama anageuza kichwa taratibu, anapita uso kwa uso mpaka akanifikia. Nikatazama miguu yangu. Alihitaji kunyamaza tu. Hapo yeye asingekuwa amedanganya, angekuwa amenyamaza tu, na daftari lake lingefanya kazi, na ng'ombe wa akina Kabula wangelala salama. Nilimwomba Mungu wa Jumapili ile ile ambaye nilikuwa nimetoka kumwimbia: asiseme kitu.

Mama akasimama. "Shikamoo Mzee Sindani."

"Marahaba, binti yangu."

"Hao watu saba nimewaua wapi?"

Watu wakacheka, wakidhani anaficha siri za jeshi. Akangoja wamalize. "Sijaua mtu," akasema. "Sijawahi kumpiga mtu risasi, wala kisu. Nilikuwa askari wa mawasiliano. Opereta wa redio."

"Kumbe ni simu!" mtu akapaza sauti nyuma, na safari hii kicheko kilikuwa kingine. Nilikijua kile kicheko. Kilikuwa cha bombani.

Ningekuwa mimi ningekimbia. Mama alisogea mbele hatua mbili. "Nitawaeleza hiyo simu," akasema. "Tulikuwa mazoezini porini, mizinga ya kweli, risasi za kweli. Afande wangu akanipa namba za ramani, mahali mizinga ipige, akasema tuma. Nikamwambia, afande, nirudishie hizo namba. Akasema, we binti, tuma. Nikamwambia siwezi kutuma nisichokuwa na uhakika nacho, nirudishie. Yeye ana nyota begani, mimi nina vumbi. Alinitukana matusi ambayo siyasemi mbele ya wazee. Nikaondoa mkono kwenye mtambo, nikakaa. Akanisomea tena kwa hasira, na safari hii namba ya mwisho ilikuwa nyingine. Akaiangalia karatasi yake. Akaniangalia. Namba ya kwanza ilikuwa mahali wenzetu walipokuwa wanakula."

Mama akawatazama wote. Hata wale wa nyuma.

"Niliadhibiwa siku tatu kwa kubishana na mkubwa. Tope, jua, kubingirika. Sawa, nilibishana. Na kesho nikirudi pale pale nitabishana tena. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya. Mkitaka mtu aliyeua saba, mtafuteni kwingine. Mkitaka mtu atakayehakikisha kwamba filimbi ikipigwa kule mtaa wa Chanji mnaelewa hapa Malangali imepigwa kwa nini, ninaye mmoja." Akakaa.

Mngedhani walimchagua. Nami nilidhani, kwa dakika moja hivi, maana mama Kabula alisimama peke yake akapiga saluti, bila mwiko. Kisha Mzee Sindani akasafisha koo, akasema tumshukuru dada yetu kwa ukweli wake, lakini wezi hawakamatwi kwa kuongea. Mikono ikanyooshwa. Seremala alipata uwanja mzima, mama alipata mikono ambayo ningeweza kuihesabu kwa vidole vyangu na vikabaki. Watu wanapenda mtu aliyeshindwa awe mkarimu, ampe mshindi mkono, ampe na daftari. Mama hakuwa mkarimu siku ile. Aliliweka daftari lake kwapani akarudi nalo nyumbani, na ninamuunga mkono mpaka leo.

Nilijua nitachapwa. Nilitangulia, nikakaa kwenye kigoda ukumbini, mikono magotini. Mama akaja akakaa mbele yangu, karibu, magoti yakagusana.

"Uliwaambia watu wangapi?"

"Sijui."

"Unajua. Hesabu."

Nikahesabu. Niliowaambia kwa mdomo wangu walikuwa kumi na mmoja, na wa kumi na mbili nikamwongeza Mzee Sindani, ambaye sikumwambia mimi lakini ndiye aliyeutangaza. Mama akasikiliza majina yote.

"Kwa nini?"

Hapo nikalipuka. Sikuwa nimepanga. Nikamwambia kwa sababu wananicheka, kwa sababu wanasema alikuwa anapika chai, kwa sababu aliniacha kwa bibi miaka yote hiyo akasikilize redio. Na kwa sababu yeye mwenyewe ananiona mjinga. "Watoto wengine wanatumwa tu! Mimi kila kitu rudia, rudia, kama sina akili!"

Mama alinitazama kama niliyemwambia nyumba inaungua. Nilipoinua macho niliona kidevu chake kinatetemeka, nikaogopa, maana sikuwa najua kwamba kidevu cha mama kinaweza kutetemeka.

"Yule afande," akasema hatimaye, "alikuwa amesoma kuliko mimi mara kumi. Niliposema nirudishie, unadhani nilimwona mjinga?"

"Hapana."

"Watu walikuwa wanakula pale. Ndiyo maana. Ninapokutuma wewe, ninatuma mtu wangu nje, barabarani, kwa watu. Ninataka ukifika usibabaike. Ninataka mtu mzima yeyote asikugeuzie neno mdomoni kwa vile wewe ni mdogo." Akapangusa uso kwa kiganja. "Nilipaswa kukwambia. Nilidhani unajua. Hilo ni kosa langu, nisamehe."

Mtu mzima kuniomba msamaha lilikuwa jambo geni kuliko kisu cha mdomoni. Nikamwambia nimemsamehe. Akasema vizuri, sasa tuje kwenye kosa langu.

Hakunichapa. Alinipa ujumbe. Ulikuwa na sentensi tatu: Mama yangu hajaua mtu. Alikuwa askari wa mawasiliano. Mimi nilidanganya. Alinifanya niurudie mara tatu, kisha akaniambia kesho baada ya shule niupeleke kwa wote kumi na wawili, mmoja mmoja, uso kwa uso, na sheria inabaki ile ile. Asiyerudisha, hajapokea.

Nilianza na Kabula kwa sababu nilimpenda, na nikadhani itakuwa rahisi. Haikuwa. Alirudisha sentensi zote tatu akilia, akaniuliza hata yule wa mtoni pia ni uongo? Nikamwambia hata mto. Wasichana wa bombani walinicheka, nikangoja wacheke, wakachoka, wakarudisha. Mmoja alikataa, nikakaa juu ya ndoo yake mpaka alipotaka kuteka. Kufikia mlango wa sita jambo la ajabu likanipata. Sikuwa na aibu tena. Sentensi ya tatu ilikuwa inaniuma kila mara, lakini ile ya pili nilikuwa naisema kwa sauti kubwa zaidi kila nyumba, na nilikuwa napenda jinsi inavyotoka kinywani mwa watu wakiirudisha.

Mzee Sindani nilimweka mwisho. Nilimkuta uani kwake na wanaume wanne, jua bado liko juu, chungu cha pombe ya ulezi katikati, na seremala kamanda mpya akiwa mmoja wao. Nikapiga goti.

"Shikamoo babu. Shikamooni."

"Marahaba. Mtoto wa mwanajeshi wetu! Umetumwa?"

"Ndiyo babu. Nina ujumbe." Nikasimama wima. "Mama yangu hajaua mtu. Alikuwa askari wa mawasiliano. Mimi nilidanganya."

"Ah, hayo yameisha jana, mwanangu. Nenda ukacheze."

"Naomba unirudishie, babu."

Mmoja wa wanaume akaweka chini kata yake. "Unasikia mtoto anavyoongea na mzee?"

"Naomba unirudishie," nikasema. Sikuondoka. Nilifikiria watu wanaokula, mahali fulani, hawajui kitu.

Mzee Sindani alicheka, akawatazama wenzake, akaamua kunifurahisha ili niende. "Haya. Mama yako hajaua mtu. Alikuwa kwenye mawasiliano. Wewe ulidanganya. Tayari?"

"Hapana babu. Umeruka neno moja."

"Neno gani?"

"Lile la katikati."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya chungu. Mzee alinikazia macho, macho yale ya koti la majira yote, ambayo watoto wote wa Malangali tulikuwa tunayakimbia, na mimi nikayatazama mpaka machozi yakanitoka kwa kutopepesa. Sijui alimwona nani mbele yake. Alijiweka sawa kwenye kiti. Akafunga kifungo kimoja cha koti.

"Mama yako hajaua mtu," akasema polepole, mbele ya wote. "Alikuwa askari."

"Wa mawasiliano."

"Askari wa mawasiliano. Wewe ulidanganya."

"Ndivyo, babu," nikamwambia. "Asante." Nikamgeukia seremala. "Na wewe, mjomba, naomba unirudishie."